Mtoki wa Baba

Mtoki ni kitu kidogo. Ukianza ni kama punje ya njugu mawe chini ya ngozi, ukikomaa unakuwa kama yai la njiwa. Unavimba kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo, na ukishavimba hutembei tena kama binadamu, unachechemea. Kwetu Sindeni hakuna mtu mzima ambaye hajawahi kupata mtoki, na karibu wote waliopata waliletwa kwa mama yangu.

Mama alikuwa na mwiko wake wa kazi hiyo tu, mwiko wa ugali uliozeeka mpaka ubavu mmoja umelika. Alikuwa anauchomeka kwenye jivu la moto, anaupangusa kwa kanga, anapaka mafuta ya nyonyo kwenye kinena cha mgonjwa, halafu anakanda. Kwanza taratibu, baadaye kwa nguvu, huku anausema ule uvimbe kwa Kizigua: umekuja bila kualikwa, sasa rudi kwenu. Mgonjwa akipiga kelele anaambiwa, "Lia, ukilia unalegea." Ukishamaliza ni marufuku kusema asante. Mama alikuwa mkali sana kwa hilo. Ukishukuru, mtoki unasikia, unajua umekaribishwa, unarudi. Kwa hiyo ulikuwa unainuka, unajikung'uta vumbi, unaondoka zako bila neno kama mtu aliyekosa adabu. Tulipokuwa watoto tulipenda sana kipande hicho, maana ndiyo nafasi pekee ya kumnyima mtu mzima asante bila kupigwa kofi.

Na watu walikuwa wanapona. Hapo ndipo penye ugumu wote wa habari hii. Kama wasingepona, mwiko ule ungeishia kukoroga uji wa kuku zamani sana, na leo nisingekuwa nakaa hapa na moyo mzito kama gunia la mahindi mabichi.

Mimi kazi yangu ni maabara. Nipo kwenye kituo cha afya Korogwe, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, na siku nzima nimeinamia hadubini kuangalia damu za watu. Nina mdomo, sikatai, wenzangu wananijua. Mtu akinichelewesha nasema, akinikera nasema. Lakini nikishaweka jicho kwenye ile lenzi huwa nanyamaza mwenyewe. Chembe nyekundu ni nyingi, zimejaa kama mchele kwenye ungo, na katikati yake, moja hapa, moja kule, ndizo chembe nyeupe. Tukizipaka rangi kiini chao kinatokea zambarau. Aina moja, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote, kiini chake kimekatika vipande vipande vilivyoshikana, kama shanga tatu kwenye uzi mmoja. Hizo ndizo za mstari wa mbele.

Shuleni tuliambiwa chembe nyeupe ni askari wa mwili. Tukaimba hivyo, tukajibu hivyo kwenye mtihani, tukapata vema. Hakuna aliyetuambia askari hao wanafanyaje kazi. Ukikanyaga mwiba, vijidudu vya udongoni vinaingia pamoja nao na kuanza kuzaana. Mwili pale unatoa harufu ya hatari, na askari waliokuwa wanazunguka kwenye mshipa wanainusa. Wanajibana ukutani mwa mshipa, wanajipenyeza katikati kama paka anavyopita chini ya geti, wanatoka nje, wanatambaa mpaka kwenye kidonda. Wakimkuta kijidudu wanamzunguka na kummeza mzima mzima, na wakishammeza wanamyeyusha tumboni. Wenyewe hawaishi muda mrefu. Wanakufa hapo hapo kazini, na usaha tunaoukamua na kuuonea kinyaa, sehemu kubwa ni maiti zao.

Wale wengine, wale wanaokaa na kujifunza sura ya adui ili wamtengenezee dawa yake, wana kambi zao. Kambi ni tezi, zimepangwa shingoni, kwapani, kinenani. Kidonda kikiwa mguuni, habari zake zinapanda na maji ya mwili mpaka kinenani, na kambi ya pale inajaa askari, inavimba, inauma. Huo ndio mtoki. Si ugonjwa. Ni mwili unasema, kuna vita huku chini, angalieni mguu.

Nasi miaka yote tulikuwa tunaikanda kambi. Mtoto kajikwaa kwenye kisiki, kidole kimechubuka, mtoki umevimba. Mama anakanda leo, anakanda kesho, keshokutwa mtoto anakimbia. Askari wake walishapigana na kushinda, wakatawanyika, na mwiko ukapata sifa. Nilipojifunza haya chuoni nilicheka peke yangu. Nilipanga nikirudi nyumbani nitamtania mama. Sikumtania. Ningeanzia wapi? Alikuwa mwanamke anayejulikana kijiji kizima kwa mkono wake, na hakuna aliyekuwa ameumia. Niliona ni jambo la kuchekesha tu, liache likae.

Baba yangu ujana wake aliumalizia Ngombezi kwenye mkonge. Alikuwa mkataji. Wakataji wa mkonge wana utaratibu wao: kabla hujagusa jani unaondoa kwanza ule mwiba wa nchani, maana ule mwiba ni mweusi, mgumu, mkali kama sindano ya kushonea magunia, na ukikuchoma jicho umekwisha. Baba alijisifu mpaka uzeeni kwamba mkonge haukuwahi kumtoa damu. Aliporudi Sindeni kulima mahindi na mbaazi, alipanda mkonge kuzunguka shamba uwe ua, kuzuia ng'ombe wa wafugaji. Na kila wajukuu walipokuwa wanakuja kutembea, alikuwa anatangulia yeye na panga, anapita ua mzima, anakata ncha zote ili watoto wasichomwe.

Ncha zilianguka chini, na baba alivaa kandambili.

Wakati huo alishakuwa na sukari. Niliipima mimi mwenyewe siku alipokuja Korogwe akilalamika kiu. Nilimwambia, "Baba, sasa miguu yako uitunze kama mtoto mchanga. Usitembee peku, uiangalie kila siku." Akanitazama, akamgeukia mama. "Unamsikia binti yako? Anataka ninunue kioo, nianze kujitazama miguu kama bibi harusi." Tukacheka. Alikuwa mtu wa hivyo, humwambii neno zito asilifanye jepesi. Nilimnunulia viatu vya mpira vilivyofunikwa. Alivihifadhi kwenye mfuko uvunguni mwa kitanda, avivae akienda msikitini Ijumaa. Loo, baba yangu! Viatu vya shamba anaendea msikitini, kandambili anaendea shamba.

Sukari ina mambo mawili, na yote mawili ni ya kisirisiri. La kwanza, inaua hisia kwenye nyayo, unachomwa hujui. La pili ndilo linaloniumiza mimi wa maabara, kwa sababu naliona kwa macho. Damu ikiwa tamu sana, wale askari wanalewa. Mwito wanausikia, wanachelewa kufika. Wakifika wanamgusa adui, na kummeza hawawezi. Wapo wengi, wamejazana mahali pa vita, na vita haviendi popote.

Idd ile tulikusanyika wote Sindeni. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, msuli umefungwa vizuri, kofia kichwani, na mguu mmoja ameunyoosha pembeni. Nilimwamkia, nikamuuliza mbona unakaa upande. Akasema uchovu wa palizi. Akainuka kwenda kunawa, akawa anachechemea, na hapo hapo mtani wake akamrukia. Mtani huyu ni mtani wa ukoo, wamezeeka pamoja, na hakuna sherehe wala msiba kwetu ambako hakuja kuchafua hewa.

"Mwoneni mzee wenu!" akapaza sauti. "Kaficha yai la njiwa kwenye msuli! Analiatamia! Wiki ijayo mtaletewa kifaranga hapa!"

Watu wakaangua kicheko. Baba akamwambia nyamaza wewe mwizi wa kuku wa misibani. Mtani akamfuata mpaka kwenye ndoo ya maji. "Onyesha basi! Wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa sita," baba akajibu. "Sasa niache nifiche."

Jamani, tulicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na baada ya kucheka nikainamisha macho, maana maneno ya kinena cha baba si ya kusikilizwa na binti. Ndivyo tulivyolelewa. Baba anaweza kukuambia shida ya kifua, ya jino, ya mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka ni habari ya mama, na ya mtani anayeruhusiwa kusema chochote kwa sharti kwamba hakuna anayekichukulia maanani. Ukikasirika kwa neno la mtani, wewe ndiye mwenye makosa. Ukimuuliza, je, ni kweli, umeharibu utani. Kwa hiyo nikakusanya vyombo, nikaenda jikoni.

Jikoni niliuona mwiko umechomekwa kwenye jivu. Nikadhani kuna jirani anayekuja kukandwa.

Haikupita muda mama akapiga simu asubuhi, sauti yake imekauka. "Baba yako anatetemeka. Anaita watu waliokufa." Walimleta Korogwe kwa gari la kukodi, amejifunika shuka mbili kwenye joto lile linaloshuka Korogwe kama kifuniko cha sufuria, na meno yanagongana. Nilimwambia shikamoo baba, akasema marahaba, halafu akaniuliza kama mahindi yameshaingizwa ndani. Nikamtoa damu mimi mwenyewe.

Nilizitazama zile chembe. Zilikuwa nyingi kupita kiasi, na nyingi zilikuwa changa, kiini chao hakijakatika bado, kimepinda tu kama pete iliyovunjika. Mwili ukiona askari wazima wamekwisha unawatoa mgambo ambao hawajamaliza mafunzo, unawasukuma barabarani hivyo hivyo. Nilijua maana yake. Nilikaa pale na jicho langu kwenye lenzi zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu nikiinuka nilikuwa lazima niende kusema.

Nilisubiri nje wakati tabibu anamkagua, kwa heshima. Kisha akaniita. "Njoo uone hapa."

Alikuwa ameinua mguu wa baba. Katikati ya unyayo kulikuwa na tundu jeusi, dogo, huwezi kuliona mtu akiwa amesimama. Nyama inayolizunguka ilikuwa imeshalainika, na harufu ilikuwa imeshaanza. Alipobana usaha ulitoka, na baada ya usaha kikatoka kipande cha mwiba wa mkonge, urefu wa kucha. Baba hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anatazama dari.

"Huko mnatafuta nini?" akauliza. "Mimi naumwa mtoki."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikapu mkononi. Alisema polepole kwamba alikuwa anamkanda tangu kabla ya Idd, asubuhi na jioni, na baba alikuwa anapata nafuu kabisa, usiku analala. Moto wa mwiko unatuliza maumivu, hilo ni kweli, kitambaa cha maji ya moto kingetuliza vilevile. Siku za mwisho aliona kandambili ya baba ina unyevu, akaona kitu cheupe kinachuruzika unyayoni, akadhani ni malengelenge ya kandambili. Alikuwa anafuta tu. Nilimpokea kikapu.

Kwenye hospitali kubwa tulikomhamishia walifanya walichoweza. Walimpa dawa za mshipani, walisafisha, walishusha sukari, lakini weusi uliendelea kupanda, na wakatuambia ukweli: ni mguu au ni yeye. Baba akasema, "Kateni, huo umeshanisaliti." Wakakata chini ya goti.

Kwetu kiungo kilichokatwa hakitupwi, kinazikwa. Mguu tulikabidhiwa umefungwa, tukaupeleka Sindeni, tukauchimbia kishimo karibu na ua ule ule wa mkonge. Mtani akaja. Akaingia kwenye kishimo, akasimama humo, hakikumfika hata magotini, akatangaza kwamba hatoki mpaka apewe haki yake, na kwa kuwa msiba wenyewe ni wa kipande atapokea kuku kipande. Hata mama alicheka. Nadhani ndiyo siku ya mwisho niliyomwona mama anacheka na meno yote.

Baba alirudi nyumbani na magongo. Alikuwa anakwenda kule uani asubuhi, anasimama juu ya ule udongo. "Hujambo mguu," anasema. "Nishikie nafasi, mimi nakuja nyuma, si unajua siku hizi natembea polepole." Akiniona nimenuna ananiambia, "Mwanangu, unataka nilie? Nikilia utaota mwingine?" Viatu vile vya mpira akavitoa uvunguni. Alivaa kimoja, kila siku, hata ndani ya nyumba, hata akikaa kitandani. Kila nikikumbuka kiatu kile nashindwa kula.

Kidonda pale walipokata hakikutaka kufunga. Kilifunga upande mmoja kikafunguka mwingine, na mvua za masika zilipokolea homa ikarudi. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu yenyewe. Nilizihesabu chembe zake mara ya mwisho, nikakuta zimepungua, zimekuwa chache, zinatawanyika mbali mbali kama nyumba za porini. Mtu asiyejua angefurahi, angesema vita vimeisha. Askari ndio walikuwa wamekwisha. Baba alifariki mama akiwa amemshika mkono, na tulimzika jirani na mguu wake.

Msibani watu wawili watatu walikuwa wanatikisa vichwa na kusema ile methali, mficha maradhi kilio humfichua. Nusura niwatimue. Baba hakuficha! Alimwambia mkewe, mke akamtibu kwa dawa ambayo kijiji kizima kilikuwa kinaiamini, wao wakiwemo. Walioketi pale mkekani wote walishawahi kulala chali mbele ya mwiko ule. Nilitaka kuwauliza mmoja mmoja, wewe ulipokuwa na mtoki, nani alikuangalia unyayo?

Mtani alikuja na hakusema lolote. Hakuingia kaburini, hakudai kitu, hakumtukana mtu. Watu waliogopa zaidi kimya chake kuliko kilio cha wanawake. Tulipokuwa tunatawanyika alinijia, kichwa kimeinama.

"Mimi nilikuambia," akasema. "Nilikuambia siku ya Idd. Sina mdomo mwingine mbele yako zaidi ya ule wa utani."

Nilimwambia najua, mzee wangu. Nilikuwa najua kweli, na nilijuta, na nilikuwa na hasira, na hata sasa sijui hasira ile nimpe nani. Nimpe mtani, ambaye alisema kwa njia pekee aliyonayo? Nimpe baba, ambaye alikuwa na haya mbele ya binti yake kama baba yeyote? Nilirudi Korogwe nikaiweka hasira maabara, nikawa naikoromea mashine.

Nikachukua likizo kumsaidia mama akiwa eda. Alikuwa ndani muda wote, amekaa mkekani na kanga yake nyeupe, anachambua mbaazi, wanawake wakija wanampa pole na kuondoka. Siku moja tukiwa wawili tu, aliacha kuchambua.

"Wewe unaangalia damu za watu," akasema. "Niambie mtoki ni nini."

"Mama, hayo ni mambo marefu."

"Muda ninao. Niko eda."

Nilitafuta pa kupitia nikakosa. Mama si mtu wa kudanganywa. Akitaka jambo anakaa nalo kama kuku juu ya mayai. Nikamweleza. Nilimweleza askari, wanavyonusa, wanavyopenya, wanavyomeza, kambi zao, na sukari inavyowalevya. Nilisema polepole, nikichagua maneno, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Alisikiliza mikono imelala kwenye ungo.

"Kwa hiyo mtoki si ugonjwa."

"Si ugonjwa, mama."

"Ni askari wamekusanyika."

"Ndiyo."

"Na wale wote niliowakanda? Hapa kijijini, na wale waliotoka mpaka Magoma?"

"Walipona wenyewe. Askari wao walishinda."

Nje jogoo aliwika ovyo, saa si yake. Nikajaribu kuokoa kitu. "Lakini uliwapunguzia maumivu, mama. Hilo ni kweli kabisa, si maneno ya kukufariji."

"Na baba yako nilimpunguzia maumivu."

"Ndiyo."

"Akanyamaza."

Niliokota mbaazi iliyodondoka, nikairudisha kwenye ungo.

"Askari wake walikuwa wanaita, na mimi nikawaziba midomo," mama akasema. Hakulia. Alirudi kwenye mbaazi, akachambua kidogo, akaacha tena. "Na ule uliokuwa unatoka kwenye unyayo? Ule mweupe?"

Laiti asingeuliza hilo. "Ni wao, mama. Ni waliokufa."

"Nilikuwa naufuta kwa kitambaa, natupa chooni." Alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau. "Mguu tuliuzika. Wao niliwatupa chooni."

Nilimwambia mwiko haukumuua baba. Nikamwambia ni mwiba, ni sukari, ni kandambili, ni mimi ambaye sikuuliza, ni sisi sote na adabu zetu. Nikamwambia Mungu ndiye mpangaji. Alikuwa anaitikia kila kitu, eheee, eheee, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Hapo mlangoni pakapigwa hodi. Alikuwa mama mmoja wa nyumba za bondeni, tunalima naye mpaka mmoja. Alimpa mama pole za eda, akakaa, akazungukazunguka na maneno ya mvua na ya nyani wanaokula mahindi, halafu akainama sikioni kwa mama. Nilimwona alivyoingia, nilishajua. Alikuwa anachechemea.

Nilifikiri mama atamfukuza. Au ataniita niseme mimi. Badala yake alisogeza ungo pembeni, akajipigapiga paja.

"Lete mguu."

"Mguu?" Yule mama akashangaa. "Mtoki upo huku juu, dada."

"Najua ulipo. Lete mguu hapa."

Aliupokea mguu ule wenye vumbi la shamba, akaulaza mapajani kwenye kanga yake nyeupe ya eda. Akaupangusa kwa kiganja. Macho yake si mazuri, akaniambia nimulike kwa simu. Akaanza kupita na kidole gumba, kisigino kwanza, kwenye ile mipasuko, halafu ubavuni, halafu kidole kimoja kimoja, anafungua katikati ya vidole kama anavyofungua maganda ya mbaazi. Katikati ya kidole cha mwisho na mwenzake yule mama akaruka. "Aaa! Hapo hapo, dada!" Palikuwa na mchubuko mdogo, umefunga juu, chini yake pana umanjano. Mama alipabonyeza kidogo, tone likatoka. Hakulitupa. Alilipokea kwenye pindo la kanga, akalikunja humo taratibu.

Nilimwambia yule jirani asubuhi tutaenda pamoja zahanati, akubali asikubali. Akakubali. Akainuka, akajikung'uta, akatoka bila kusema asante, kwa ile ile sheria ya mama.

Mama alibaki amekaa, mapaja yake bado ameyaweka vile vile, mikono imekaa juu yake kama bado imeshika kitu. Kazi yote haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

"Kumbe ni kuinua mguu tu," akasema. Na hapo ndipo alipolia, kilio ambacho hakulia hata siku ya kaburi. "Ni kuinua mguu tu, mwanangu. Kuinua mguu tu."